Kwa Nini Dirisha la Gumzo Huvunjika kwenye Simu

Tuchukue mfano wa ofisi ya wakala wa forodha iliyo karibu na bandari ya Kilindini mjini Mombasa, ambayo imeweka dirisha la gumzo kwenye tovuti yake ili wenye mizigo na madereva waulize habari za makontena yao bila kupiga simu. Kwenye kompyuta ya ofisini dirisha hilo halina kasoro: jina la ofisi liko juu, jumbe ziko katikati, na kisanduku cha kuandikia kiko chini pamoja na kitufe cha kutuma. Dereva aliyeegesha lori lake Changamwe analifungua hilo hilo kwa simu, anagusa kisanduku cha kuandikia, kibodi inapanda, na kisanduku kinazama nyuma yake. Anaandika namba ya kontena asiyoiona. Akijaribu kusogeza ukurasa ili aone alichoandika, jina la ofisi linapotelea juu, jumbe zinabaki pale pale, na chini kunajitokeza ukanda mweupe usio na kazi yoyote.

Aliyelitengeneza dirisha hilo kwa kawaida huanza kuhangaika na upana. Hupunguza maandishi, huongeza kanuni nyingine ya skrini ndogo, huweka asilimia mahali palipokuwa na pikseli, na kasoro hubaki kama ilivyokuwa, kwa sababu karibu yote yaliyompata dereva yanahusu urefu. Upana ulikwisha kutulia tangu mwanzo; kilichovunjika ni mgawanyo wa nafasi kutoka juu kwenda chini.

Mazoea ya kutazama upana kwanza yana historia yake. Safari, yaani kivinjari cha iPhone, ilipotoka mwaka 2007 ilikuta tovuti zilizotengenezwa kwa skrini za kompyuta, kwa hiyo ikazipanga kana kwamba simu ina upana wa pikseli 980, kisha ikazisinyaza zitoshe kwenye kioo. Mpaka leo ukurasa usio na lebo ya meta (mstari wa maelezo kwa kivinjari ulio mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa) yenye maneno `width=device-width, initial-scale=1` hupangwa kwa namna hiyo, na maandishi yake huonekana kama chungu wanaotembea ukutani. Ethan Marcotte, mbunifu wa tovuti wa Marekani, alipoeleza mwezi Mei 2010 namna ya kutengeneza tovuti moja inayojirekebisha kulingana na kifaa, alitaja nguzo tatu: gridi inayonyumbulika, picha zinazonyumbulika, na kanuni za CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, zinazouliza ukubwa wa skrini. Nguzo hizo zilikusudiwa hati, yaani kitu kinachosomwa kutoka juu hadi chini na ambacho urefu wake haumsumbui mtu, kwa kuwa habari ikirefuka msomaji hushuka tu. Dirisha la gumzo halina tabia hiyo. Urefu wake hauruhusiwi kuzidi skrini, na ndani yake ni sehemu moja pekee, orodha ya jumbe, inayopaswa kusogea huku sehemu nyingine zikitulia mahali pake.

Kabla ya kugusa msimbo, basi, kuna maswali mawili ya kujibu: ni kisanduku kipi kinachosogea, na nafasi ikipungua ni kipi kinachobanwa? Jibu sahihi kwa maswali yote mawili ni orodha ya jumbe. Dirisha ambalo mtengenezaji wake hakuyajibu huachia kivinjari kiamue, nacho huamua kwa sheria zake.

Sheria moja kati ya hizo ndiyo inayowatesa watu wengi zaidi. Mpangilio wa kawaida wa dirisha la gumzo ni kisanduku kikubwa chenye `display: flex` na `flex-direction: column`, yaani mpangilio wa fleksi ambamo vitu hupangwa kutoka juu kwenda chini na kugawana nafasi, ndani yake kukiwa na kichwa, orodha na sehemu ya kuandikia, ambapo orodha hupewa `flex: 1` ili ichukue nafasi iliyobaki na `overflow-y: auto` ili isogee. Hadi hapo mambo ni sawa. Katika mradi halisi, hata hivyo, orodha huwa imefungwa ndani ya kisanduku kingine, pengine kwa ajili ya kiashiria cha kwamba mwenzako anaandika, na kisanduku hicho cha kati hakina agizo lolote la kusogea. Kwa mujibu wa sheria za fleksi, kila kijisehemu kina `min-height: auto`, maana yake kinakataa kupungua chini ya urefu wa vitu vilivyomo, kama abiria wa matatu asiyekubali kujibana mwingine akae. Jumbe zikiwa tano hakuna anayegundua. Zikifika hamsini, kisanduku cha kati hurefuka pamoja nazo, husukuma sehemu ya kuandikia nje ya skrini, na ukurasa mzima ndio unaosogea badala ya orodha. Dawa ni `min-height: 0` kwenye kila kisanduku cha fleksi kilicho kati ya dirisha na orodha, bila kuruka hata kimoja, ukiruka kimoja, ni sawa na kutofanya lolote.

Kumtambua aliyekataa kubanwa si kazi ngumu. Fungua zana za uchunguzi za kivinjari, anza na orodha ya jumbe, kisha panda mzazi kwa mzazi ukilinganisha `scrollHeight` (urefu wa vyote vilivyomo) na `clientHeight` (urefu wa kisanduku chenyewe). Panapostahili kusogea ni mahali pamoja tu ambapo namba ya kwanza inaizidi ya pili. Ukikuta mahali pawili, au ukikuta tofauti hiyo iko kwenye ukurasa wenyewe, umeshampata mhusika, na hakuna haja ya kubahatisha kwa kubadilisha kanuni kumi kwa mara moja, tabia ambayo nimeiona ikiharibu siku nzima za kazi.

Tatizo la pili ni urefu wa dirisha lenyewe. Wengi huandika `height: 100vh` wakiamini kwamba 100vh ni urefu wa kile kinachoonekana. Kwenye kompyuta ni kweli. Kwenye simu, vivinjari hupima vh kwa kudhani kwamba upau wa anwani umejificha, ili vitu visirukeruke kila unapojificha na kurudi, kwa hiyo upau ukiwapo dirisha huwa refu kuliko skrini, na kinachokatwa ni ukanda wa chini, mahali penye kitufe cha kutuma. Mwaka 2022 Safari, Firefox na Chrome, kwa mfuatano huo, zilianza kuelewa vipimo vipya vitatu: svh kwa skrini upau ukiwapo, lvh kwa skrini upau ukijificha, na dvh kinachobadilika kufuatana na hali ya sasa. Dirisha la gumzo linahitaji `100dvh`, na mstari wa `100vh` uandikwe juu yake kwa ajili ya simu zenye vivinjari vya zamani, ambazo huruka thamani zisizozielewa na kubaki na ile ya awali. Simu za mitumba na simu ambazo hazijasasishwa tangu ziliponunuliwa bado ni nyingi mikononi mwa watu, na mteja mwenye simu hiyo ana mzigo bandarini sawa na mwingine yeyote.

Lakini dvh haishughulikii kibodi, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Ili kuelewa kinachotokea, inafaa kujua kwamba kivinjari cha simu hushika maeneo mawili kwa wakati mmoja: eneo la mpangilio, ambalo vitu hupangwa kwa vipimo vyake, na eneo la kuonekana, ambalo ndilo jicho linaloliona kwa sasa. Kibodi ikipanda kwenye iPhone, eneo la kuonekana hupungua lakini eneo la mpangilio halibadiliki. Kwa hiyo kisanduku kilichopangwa chini kabisa hubaki chini kabisa, nyuma ya kibodi, na Safari huusukuma ukurasa wote juu ili mwandishi aone anachoandika. Ule ukanda mweupe na kupotea kwa jina la ofisi hutokana na msukumo huo. Chrome ya Android kwa miaka mingi ilifanya kinyume, ikipunguza maeneo yote mawili, mpaka toleo la 108 la mwishoni mwa 2022 lilipofuata njia ya Safari. Madirisha mengi ya gumzo yaliyokuwa yakifanya kazi vizuri kwenye Android yaliharibika wakati huo bila mtu kugusa msimbo wake.

Kuna njia mbili za kulitatua, na mimi ningeziweka zote. Ya kwanza ni kuongeza `interactive-widget=resizes-content` kwenye lebo ile ile ya meta, jambo linaloirudisha Chrome kwenye tabia yake ya kale. Kwa Safari ya iPhone usiitegemee. Ya pili ni kusikiliza tukio la `resize` (badiliko la ukubwa) kwenye `window.visualViewport`, yaani lile eneo la kuonekana, kusoma `height` yake, na kuipa CSS thamani hiyo kupitia kigezo ambacho urefu wa dirisha unakitegemea. Ni mistari michache ya JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo. Kinachosahaulika ni `offsetTop`, umbali ambao eneo la kuonekana limehama kutoka juu ya eneo la mpangilio: ikiwa Safari imekwisha kuusukuma ukurasa juu, dirisha lenye urefu sahihi linaweza kuwa mahali pasipo sahihi, na lazima lishushwe kwa kiasi kile kile. Papo hapo kagua ukubwa wa maandishi ndani ya kisanduku cha kuandikia. Yakiwa chini ya pikseli 16, iPhone hukuza ukurasa kila kisanduku kinapoguswa, na mtumiaji hubaki na dirisha lililokuzwa ambalo pembe zake hazionekani. Baadhi ya wasanidi huzuia ukuzaji wote kwa `user-scalable=no`; hilo ni kumnyima mtu mwenye macho dhaifu haki yake ili kuficha kosa la pikseli mbili.

Tukishapata dirisha linalopungua na kuongezeka ipasavyo, linazaliwa swali la orodha isimame wapi. Desturi ni kuishusha orodha chini kabisa kila ujumbe mpya unapoingia, na desturi hiyo huwaudhi watu, kwa sababu dereva aliyepanda juu kusoma tena namba ya geti aliyopewa asubuhi hurushwa chini ghafla na ujumbe usiomhusu. Shusha orodha ikiwa tu msomaji alikuwa tayari yuko chini. Kipimo chake ni `scrollHeight` ukitoa `scrollTop` (umbali ambao orodha imeshasogezwa kutoka juu) ukitoa `clientHeight`, na usingojee jibu liwe sifuri kamili, kwa kuwa kwenye simu nyingi `scrollTop` huja na sehemu za desimali. Chochote kilicho chini ya pikseli 80 hivi kihesabiwe kuwa chini. Kipimo kichukuliwe kabla ya ujumbe kuongezwa, maana ukichukua baada yake utapata jibu la hali nyingine. Kwa msomaji aliye juu, kitufe kidogo chenye idadi ya jumbe mpya kinatosha.

Kibodi nayo hurudi hapa kwa mlango wa nyuma. Orodha inapobanwa, hubanwa kutoka chini, na kwa kuwa `scrollTop` haibadiliki, jumbe mbili tatu za mwisho huzama, yaani zile zile ambazo mtu anazijibu. `ResizeObserver`, zana ya kivinjari inayoarifu kisanduku kinapobadilika ukubwa, ikiwekwa kwenye orodha inaweza kuishusha tena iwapo msomaji alikuwa chini kabla ya kubanwa. Jumbe za zamani zinapopakiwa kwa juu, mambo ni kinyume: pima `scrollHeight` kabla na baada, kisha ongeza tofauti yake kwenye `scrollTop`, ili mstari uliokuwa ukisomwa usihame. Picha zinadai uangalifu wa peke yake. Picha ya kontena lililobonyea au ya risiti ya malipo ikitumwa bila `width` na `height`, kivinjari huitengea nafasi ya sifuri, na ikishafika kupitia mtandao unaosuasua husukuma kila kitu. Vivinjari vya sasa hukokotoa uwiano kutokana na namba hizo mbili hata kama CSS imeandika `height: auto`, kwa hiyo seva izitoe pamoja na kila picha. Kuna wanaokwepa hesabu hizi zote kwa `flex-direction: column-reverse`, ambayo huianzisha orodha ikiwa chini. Inafanya kazi, lakini mfuatano wa jumbe kwenye msimbo huwa kinyume cha mfuatano wa kwenye skrini, na anayetumia programu ya kusomewa skrini husikia jibu kabla ya swali. Kwa dirisha la kuhudumia wateja nisingeichagua.

Sasa upana, ambao mambo yake ni mepesi zaidi. Simu nyingi za Android hujitambulisha kwa pikseli 360 hivi za CSS, hata kama kioo chenyewe kina 720 au 1080, na kiputo cha ujumbe chenye `max-width: 80%` huenea vizuri humo hadi pale mtu anapobandika kiungo cha mfumo wa forodha chenye herufi mia na ushei zisizo na nafasi hata moja. Kiungo hakikatiki, kiputo hutanuka, na dirisha lote huanza kuyumba kushoto na kulia. `overflow-wrap: anywhere`, inayoruhusu neno likatwe popote likikosa nafasi kwenye mstari mzima, humaliza tatizo, pamoja na `min-width: 0` kwenye mstari unaobeba kiputo, kwa sababu ile ile iliyotajwa kuhusu urefu. Usitumie `word-break: break-all`, ambayo hukata kila neno linalofika ukingoni hata kama lingetosha kwenye mstari unaofuata, neno kama «wasipotuthibitishia» litakatwa popote pale na msomaji ataliunganisha mwenyewe. Namba ya kontena, yenye herufi nne na tarakimu saba, ni afadhali isikatwe kabisa: mfumo ukiitambua, uifunge ndani ya lebo yenye `white-space: nowrap`, maana namba iliyogawanyika mistari miwili hunakiliwa vibaya. Kuhusu `overflow-x: hidden` inayowekwa kwenye ukurasa mzima ili kuyumba kukome, hiyo huficha ugonjwa tu, na ikiwekwa kwenye kisanduku cha kati huvuruga vitu vilivyoshikizwa kwa `position: sticky`.

Mombasa ina jambo lake kuhusu mwelekeo wa maandishi. Mteja wa Mji wa Kale anaweza kuandika salamu kwa herufi za Kiarabu, akashuka mstari, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Dirisha lililopangwa kwa kudhani kwamba kila kitu huanzia kushoto litaiweka nukta ya mwisho wa salamu upande wa kulia, yaani mahali sentensi inapoanzia. Ukiweka `dir="auto"` kwenye kiputo, kivinjari huamua mwelekeo kwa kutazama herufi ya kwanza yenye mwelekeo wake, na nukta hurudi mahali pake; lakini sasa mstari wa Kiswahili unaofuata unaweza kuvutwa kulia pia, na nukta yake ikarukia kushoto. Kanuni ya `unicode-bidi: plaintext` huamua kila aya peke yake, nayo ikiambatana na `white-space: pre-wrap` hutoa matokeo ambayo mwandishi aliyakusudia. Nafasi za pembeni nazo ziandikwe kwa `margin-inline-start` na wenzake, ambazo hufuata mwelekeo wa maandishi, badala ya kushoto na kulia.

Ikiwa gumzo limepachikwa kwenye kona ya tovuti kama kidirisha cha pikseli 380, kanuni zinazouliza upana wa skrini zitajibiwa upana wa kompyuta, pikseli 1366 kwa mfano, na kidirisha chembamba kitapangwa kana kwamba ni kipana. Kwa hilo tumia `@container`, inayouliza upana wa kisanduku chenyewe, na ambayo vivinjari vyote vikubwa vimeielewa tangu Februari 2023.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni skrini fupi. Simu ikilazwa na kibodi ikiwa wazi, urefu unaobaki ni kama pikseli mia na kitu, na kichwa cha dirisha pamoja na sehemu ya kuandikia huula wote. Hali hiyo hiyo humpata anayekuza ukurasa kwa asilimia 400 kwenye kompyuta: mwongozo wa WCAG, unaohusu tovuti kutumika na watu wenye ulemavu, unataka maudhui yasomeke kwenye upana wa pikseli 320, ambao ni skrini ya 1280 iliyokuzwa mara nne, na kama skrini hiyo ina urefu wa 1024, zinabaki 256 tu. Andika kanuni ya `@media (max-height: 400px)` inayoondoa picha ya ofisi na kukipunguza kichwa hadi mstari mmoja, na ukomo wa urefu wa kisanduku cha kuandikia uwe sehemu ya urefu wa dirisha, usiwe idadi ya mistari. Ni kanuni ambayo sijaiona mara nyingi katika miradi ninayoikagua, ilhali zile za upana huwa nne au tano.

Majaribio yafanywe kwenye simu halisi. Kiigizi cha simu kilichomo ndani ya Chrome hubadilisha vipimo vya skrini lakini kwa kawaida hakifungui kibodi, na kibodi ndiyo nusu ya tatizo. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, fungua `chrome://inspect` kwenye kompyuta, na utaona vipimo vikibadilika huku unaandika. Tuma jumbe sitini, kiungo kirefu, picha kwa mtandao uliopunguzwa kasi makusudi, salamu ya Kiarabu yenye nukta, kisha ongeza ukubwa wa maandishi katika mipangilio ya simu na uilaze. Kwenye iPhone isiyo na kitufe cha chini, kagua pia kwamba kitufe cha kutuma hakijalaliwa na mstari wa mfumo ulio chini ya skrini; kama lebo ya meta ina `viewport-fit=cover`, inayoueneza ukurasa hadi kingo za kioo, sehemu ya kuandikia inahitaji `padding-bottom` yenye `env(safe-area-inset-bottom)`, na nafasi hiyo iondolewe kibodi ikiwa juu, vinginevyo kati ya kibodi na kisanduku kutabaki pengo la pikseli 34.